Mtoto wa Jicho

Mchikichini, Jumamosi, jua halijapanda mabati,
Pazi ameshatandika turubai:
pasi mbili za mkaa, rimoti zisizo na televisheni,
koleo, taya la meno ya bandia,
na katikati, ndani ya soksi ya mtoto,
lenzi.

"Mjerumani huyo. Chuma kitupu. Inua."
Nikainua. Nzito kama jiwe la mizani.
Pembeni mwa kioo niliona herufi N imegeuza kisogo,
nikajua ni Mrusi,
nikanyamaza.
Biashara haina haja ya jiografia.

Alianzia elfu sitini. Nikacheka kwa adabu,
nikaielekeza juani, nikaliona kuvu:
nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni
kama mizizi ya mche uliosahauliwa ndani ya chupa.
Joto la mji huu halisamehe kioo.
Nguo utazianika, chumvi utaipasha,
lakini kioo hutoka jasho kabatini, kimya kimya,
na siku unayokikumbuka kimeshaota shamba.

"Ina ugonjwa," nikamwambia.
"Nani hana?"
Tukamalizana elfu ishirini na mbili, na soksi juu yake.

Hii ni ya kumi na nne. Nazilaza
ndani ya ndoo ya mfuniko, juu ya mchele mkavu,
na Mwantumu kila apimapo mchele wa jioni
huuliza kama leo tunakula macho.
"Mungu amekupa mawili, bado unanunua?"
Simjibu. Nitamwelezaje
pete inayozunguka kwa uzito wa asali ya baridi,
au mabawa ya chuma yanayojifumba
kama mdomo wa mtoto aliyekataa uji?
Simu yangu huona kila kitu upesi
na haijawahi kunisubiri niamue.

Usiku nikaifungua. Bisibisi ya fundi miwani,
kipande cha mpira wa bomba, pamba, spiriti,
pumzi nimeibana.
Kuvu likatoka. Lakini lilikopita limeacha vijia,
limelamba ngozi ya kioo,
na hapo hakuna pamba ya nchi yoyote.

Wiki hiyohiyo nilimpeleka mama kliniki.
Bi Sikudhani binti Mwinyimvua,
miaka mitatu ananitambua kwa nyayo,
anamwaga chai nje ya kikombe na kukilaumu kikombe.
Daktari akammulika. Mtoto wa jicho, amekomaa.
Nilitamani kusema, nipishe kidogo nichungulie,
mimi kuvu nalijua.

Wakamtoa huyo mtoto. Mahali pake wakaweka
kitu kidogo kuliko punje ya dengu.
Bandeji ilipofunguliwa, swali lake la kwanza:
"Hii mliyonitia, mpya au ya mtumba?"
"Mpya, bibi."
"Ya nchi gani?"
Daktari akatazama karatasi, akakohoa.
Mimi ningeuliza na mwaka.

Akatueleza: haina pete ya kuzungusha.
Haivuti, haisukumi. Mbali ataona vizuri.
Karibu, avae miwani,
ama asogee yeye, ama usogee wewe.

Basi jioni, uani kwetu Ilala,
nimeifunga ya Pazi kwenye kamera,
mama kasimama kando ya kamba ya nguo,
mkono kiunoni kama mwenye nyumba anayedai kodi.
"Rudi nyuma. Hapo ulipo ni moshi."
Narudi hatua. Pete nayo narudisha, unywele mmoja.
"Tena."
Kisigino kimegusa karo.
Ndani ya kidirisha uso wake unapanda kutoka chini ya maji:
kwanza kipini, kisha mikunjo, kisha lile jicho,
na pembezoni vile vijia vya kuvu
vimetawanya mwanga kwenye shuka zilizoanikwa.

"Hapo! Hapohapo. Usitikisike."
Akanitazama, akanitazama.
"Kumbe una mvi."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Hakikubonyeza.